Kitabu Chenye Picha Mbovu

Bariadi,
12 Februari 1995

Kwako Felisita, binamu yangu na mtani wangu,

Mwangaluka! Najua huko Mwanza siku hizi mnasalimiana "mambo", lakini barua hii imetoka Bariadi, kwa hiyo itikia kwanza ndipo uendelee kusoma. Mimi ni mzima, mke wangu Joyness ni mzima, baiskeli ni nzima, na pamba inapendeza. Mama yako, shangazi yangu Sengi Nyanjige, hajambo, ila anapikia mabua ya pamba na moshi wake unamtoa machozi kila siku. Nilipomwambia nakuandikia, alisema niandike hivi hivi: "Mwambie mwanangu kwamba nipo." Huu ni mwaka wa tatu hujakanyaga nyumbani, Felisita. Akiniuliza kwa nini, nimwambie nini?

Sasa shida yangu. Nimenunua kamera. Usicheke. Ilikuwa kwenye robota la mitumba pale mjini, imefungwa ndani ya soksi. Ni ndogo, nyeusi, na flashi yake imebanana na kioo kama mtu na pacha wake. Siku hizi mambo yamefunguliwa na kila mtu anataka picha: shule zinataka, harusi zinataka, hizi kampuni mpya za pamba zinataka picha za makarani wao. Mpiga picha wa pale mjini hataki mwanafunzi. Nikipita dukani kwake anashusha pazia, anadhani nimekuja kumwibia ujuzi, na kweli ndicho nilichokuwa nimefuata.

Nikaamua kujifundisha. Filamu ya kwanza nilikata vichwa vya watu sita. Ya pili ilitoka nyeusi yote, kwa sababu nilifungua mgongo wa kamera nione kama picha zimeingia.

Wewe unauza vitabu. Nichagulie kitabu cha upigaji picha cha mtu anayeanza, kiwe cha Kiswahili kama kipo. Kama hakipo, Kiingereza chepesi. Nitapambana nacho kwa kamusi. Ila mtani, usichague kwa uzuri wa sura kama ulivyomchagua yule mumeo aliyekukimbia.

Binamu na mtani wako,
Luhende


Mwanza,
1 Machi 1995

Mtani wangu Luhende,

Mwangaluka, nimeitikia, umeridhika? Mimi sijambo. Wasiwasi wangu ni kwa hao watu sita uliowakata vichwa; wapelekee pole zangu.

Huku vitabu vinaingia kwenye makontena pamoja na suruali na viatu vya mguu mmoja. Tunavipanga juu ya turubai kando ya barabara, anayetaka anainama. Cha Kiswahili cha kupiga picha sijakiona tangu nianze kazi hii. Vya Kiingereza vipo, na watu huvinunua ili wachane picha wabandike ukutani. Nimekuchagulia kimoja kwa mkono wangu. Karatasi zake zinang'aa, na nimekipima, hakipungui kilo mbili. Kitabu cha kilo mbili hakiwezi kukosa unachokitafuta.

Mama mpe salamu. Mwambie kazi ni nyingi, ndiyo maana siji.

Binamu na mtani wako, ambaye mume alimkimbia lakini vichwa vya watu hakati,
Felisita


Bariadi,
2 Aprili 1995

Mtani Felisita,

Habari za huko? Sisi tunaendelea vizuri, mvua haitaki kukatika.

Kitabu nimekipata, ahsante, na kimenishinda. Kina simba, kina milima yenye theluji, kina mzee wa Kizungu mwenye mikunjo mingi kuliko gome la mti. Nimetafuta mahali panapomwambia mtu asizibe flashi kwa kidole, hapapo. Mwenye kitabu hiki alikwishafika zamani, nami bado nipo njiani natafuta viatu. Halafu ukurasa wa tisini na nne kuna mwanamke anaoga mtoni bila hata kanga. Katekista Kasmiri alikiazima kwa siku moja akague kama kinafaa kwa vijana, na amekikagua wiki tatu.

Nitafutie kingine. Safari hii usikipime kilo.

Filamu ya tatu nimempa Ndaki, konda wa basi, akuletee. Hapa hakuna pa kusafisha picha za rangi, hata zile mbili za kwanza zilikwenda huko Mwanza. Zikisafishwa, nirudishie kwa Ndaki huyo huyo. Utamwona na Sengi humo. Nilimpiga picha mchana, ndani ya nyumba yake, maana nje mvua ilikuwa inanyesha na dirisha alikuwa ameliziba kwa gunia. Nikamwambia, "Sengi, tazama hapa hapa kwenye kioo, usipepese. Felisita atakuwa anakuona." Basi akatazama, binamu, akatazama kweli kweli.

Tena amenipa kona ya kiwanja chake, pale njia ya gulio, nijenge kibanda cha picha. Sikumwomba. Alisema tu, "Baba yako hayupo, nimpe nani?"

Mtani wako,
Luhende


Mwanza,
29 Aprili 1995

Luhende,

Salamu. Picha zimesafishwa, zimo kwenye bahasha hii, thelathini na nne. Mbili hazikutoka. Ya mama nimeiona.

Kitabu cha pili nimempa Ndaki pia. Kinahusu dawa na chumba cha giza. Sijui kama kitakufaa.

Sina nafasi ya kuandika zaidi.

Felisita


Bariadi,
11 Juni 1995

Felisita, binamu yangu,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima mpaka asubuhi hii ninapoandika.

Kitabu cha pili nimekiweka kando. Kinafundisha kuchanganya maji ya dawa ambayo Bariadi hata waganga hawana. Ninalokuandikia ni lingine.

Zile picha zilipofika nilichagua sita, nikazitundika ubaoni pale gulio ziwe sampuli. Ya Sengi niliiweka katikati, kwa sababu ndiyo iliyotoka kali kuliko zote. Kila mkunjo unauona, kila uzi wa kitambaa chake cha kichwa. Mimi mpiga picha mchanga nilitazama ukali tu. Macho sikuyaona, Felisita. Macho ya Sengi kwenye picha ile ni mekundu, mekundu ya kaa la moto. Watu wakajaa ubaoni, nami nikafurahi nikidhani ni wateja. Nikawa napaza sauti, "Picha kali! Picha kali!" Mama mmoja akanijibu, "Ni kali kweli," akamfunika mwanawe uso akaondoka.

Sina haja ya kukueleza macho mekundu ya bibi kizee maana yake nini huku kwetu. Bundala, yule jirani anayepakana na Sengi, alifiwa na maksai wawili mwezi Machi. Alisimama mbele ya ubao akasema, "Mtu unaweza kumficha jicho. Kamera hufichi." Tangu siku hiyo Sengi akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo nusu na kuondoka.

Jumanne asubuhi alikuta barua mlangoni, chini ya jiwe. Haina tarehe, haina salamu, haina jina. Nainakili hapa: "Wewe bibi tumekuona kwenye picha. Hama kabla pamba haijaisha kununuliwa. Usipohama panga litakuhamisha."

Unajua hajui kusoma. Alinikimbilia nayo mkononi anacheka, akidhani imetoka kwako. Nikaisoma kimya mpaka mwisho. Halafu nikamwambia ndiyo, imetoka kwa Felisita, anakusalimu, anasema atakuja. Mungu anisamehe.

Mimi najua huu si uchawi, ila sijui ni nini. Ni filamu mbovu? Ni dawa za huko Mwanza? Ni mkono wangu? Lazima kipo kitabu kinacholieleza. Kitafute, binamu. Sasa sikitafuti tena ili nipate kazi.

Luhende


Mwanza,
20 Juni 1995

Luhende,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nani alipiga ile picha? Wewe. Nani aliitundika? Wewe. Zilikuwa thelathini na nne, ukachagua hiyo na kuiweka katikati. Nani amepewa kona ya kiwanja njia ya gulio? Na mama akihama, kile kiwanja chote kitakwenda kwa nani? Hana mtoto wa kiume. Kaka yake, baba yako, ameshakufa. Aliyebaki ni wewe.

Hata hiyo barua isiyo na jina umeisoma wewe, umeinakili wewe. Hapo kijijini ni wangapi wanaoweza kuandika "kununuliwa" bila kukosea? Mimi najua mmoja.

Uliniomba kitabu cha mtu anayeanza. Naona hukukihitaji.

Usinijibu kwa utani.

Felisita binti Nyanjige


Bariadi,
28 Juni 1995

Felisita,

Sikujibu kwa utani. Hata mwangaluka sikuandikii, maana sijui kama utaitikia.

Ubao nimeupasua kuni. Kona ya kiwanja nimemrudishia Sengi mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili. Mimi na Joyness tumehamia kwake na kitanda chetu, na ng'ombe wangu nimewafunga kwenye zizi lake. Anayetaka mtu ahame hahamii kwake.

Kuhusu "kununuliwa", ile barua yenyewe imeandikwa "kununuriwa". Niliirekebisha wakati wa kunakili bila hata kufikiri, ndiyo kasoro ya mtu aliyechapwa sana na mwalimu wa Kiswahili. Nimekuwekea yenyewe humu. Utazame mwandiko wake na wangu, kisha useme.

Nimemaliza kujitetea, sasa na mimi niulize. Picha zile zilipita mikononi mwako kabla hazijafika kwangu. Mtu hajamwona mama yake miaka mitatu, anapata picha yake, anaandika maneno matatu: "Ya mama nimeiona." Basi! Hakusema amezeeka, hakusema amekonda. Wewe uliyaona macho, Felisita. Uliyaona kabla yangu na kabla ya Bundala. Ungeniandikia mstari mmoja nisingeitundika picha ile. Kwa nini hukuniandikia?

Mayige, kamanda wa sungusungu, ameitisha mkutano Jumamosi ya tarehe 22 Julai. Sengi ataulizwa mbele ya watu. Akikutwa na hatia atafukuzwa, na bibi kizee aliyefukuzwa huku hafiki mbali. Kama kitabu kipo, kije kabla ya siku hiyo. Kama hutaki kukitafuta kwa ajili yangu, kitafute kwa ajili yake.

Luhende, mtoto wa mjomba wako


Mwanza,
8 Julai 1995

Binamu yangu Luhende,

Umenikamata. Sijui nianzie wapi, nianze na lililonileta Mwanza.

Mnajua kwamba mwanangu Selestini alifia nyumbani, kwa mama. Msilolijua ni hili: asubuhi ya siku ile alikuwa na homa, na mama alimpaka mafuta yenye majani aliyoyatwanga mwenyewe. Mchana mtoto akafa. Nilipokuja huku nikaenda kwa mganga mmoja, akapiga ramli, akasema, "Ni mwanamke wa ukoo wako, mwenye macho mekundu." Hakutaja jina. Nilimtaja mimi mwenyewe, moyoni. Kazi haijawahi kuwa nyingi kiasi hicho, Luhende. Nilikuwa namwogopa mama yangu.

Halafu ikaja filamu yako. Niliifungua ile bahasha pale pale kaunta, nikayaona yale macho. Nikasema, kumbe ni kweli. Aliyezisafisha alikuwa amesimama mbele yangu; ningeweza kumuuliza, naye angenijibu. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nikairudisha picha kwenye bahasha nikakutumia, na nitakuambia lililo baya zaidi: nilitaka kuona kama na wengine watayaona. Waliyaona. Nilipopata barua yako nikakushuku wewe upesi upesi, nisije nikajitazama mimi.

Mwandiko nimeutazama. Si wako. Nisamehe.

Kitabu nimekipata. Nimepekua marobota matatu, ya kwangu na ya wenzangu. Mwanzo nilichagua kwa jalada na uzito, sasa nimejua namna yake. Kitabu cha mtu anayeanza unakifungua nyuma. Kama picha zote ni nzuri, kiache, mwenyewe anajisifu. Kama utakuta picha mbovu, kichwa kimekatwa, kidole kimeziba, mtu ana mti unaoota utosini, na chini yake pameelezwa kosa lilikuwa nini, hicho ndicho. Hiki ni chembamba kama katekisimu, jalada halipo, nadhani kiliandikwa kwa ajili ya watoto. Kina makosa kumi na manne. Tazama kosa la tisa.

Ni bibi harusi. Mzungu, ana gauni jeupe na maua mkononi, anacheka, na macho yake ni yale yale, Luhende. Macho ya mama. Nilikaa chini juu ya turubai nikalia mpaka wateja wakadhani nimeibiwa.

Nimekutafsiria maelezo yake: "Gizani mboni ya jicho hupanuka. Flashi iliyo karibu na kioo cha kamera ikimulika mtu anayeitazama moja kwa moja, mwanga huingia ndani ya jicho, hugonga damu iliyo nyuma yake, hurudi na rangi ya ile damu. Kila mtu ana damu hiyo. Ili kuepuka kosa hili, piga nje, au fungua dirisha, au mwambie mtu atazame pembeni."

Ni damu tu. Mimi nilimhukumu mama yangu kwa damu ambayo kila mtu anayo.

Felisita


Bariadi,
24 Julai 1995

Binamu yangu Felisita,

Mwangaluka. Nimekuandikia, maana najua utaitikia. Sengi ni mzima. Usome polepole, mambo hayajaisha.

Kitabu kilifika siku mbili kabla ya mkutano. Watu walikuja mpaka wa vijiji vya jirani. Sengi alikalishwa kwenye kigoda peke yake, katikati. Nikasimama, nikasoma tafsiri yako, nikakipitisha kile kitabu mkono kwa mkono ukurasa ukiwa wazi. Mayige alikitazama sana. Nikaona uso wake unalegea. Ndipo Bundala akasimama. "Hao ni Wazungu," akasema. "Wachawi wao sisi tunawajuaje? Huenda na huyo bibi harusi ni mmoja wao." Watu wakacheka, na kicheko hicho kikatuharibia. Mmoja akapiga kelele kwamba tunapoteza muda.

Nikakichukua tena kile kitabu. Nikasoma tena kosa la tisa, na hapo ndipo nilipoelewa faida ya kitabu chako, binamu. Wameandika jinsi ya kuliepuka kosa. Mimi nikalisoma kinyumenyume. Nikasema, "Kamanda, wewe macho yako ni meupe, sote tunayaona. Ingia kwenye nyumba ya Sengi nikupige picha. Wewe na wazee wote wa sungusungu, na Bundala." Bundala akasema hana haja ya kupigwa picha. Mayige akamgeukia: "Unaogopa nini?" Basi akaingia.

Nilirudisha gunia dirishani. Nikawaita mmoja mmoja, watu kumi na wawili, nikimwambia kila mtu, "Tazama hapa hapa kwenye kioo, usipepese." Maneno yale yale. Mayige akaichukua filamu yeye mwenyewe, akaifunga kwa karatasi na gundi, akaweka alama ya dole gumba juu yake. Ukikuta ule ufungo umefunguka, ujue Ndaki ameugusa. Hukumu inasubiri picha. Kamanda alisema mbele ya watu wote: "Sisi tukitoka weupe, bibi anahama siku hiyo hiyo."

Nimekosea picha nyingi bila kutaka, Felisita. Safari hii naomba Mungu nikosee, na sina hakika. Bundala alipepesa. Wawili walitazama miguu yangu.

Jambo moja zaidi. Ile barua isiyo na jina ilisomwa pale mkutanoni, mimi nilikuwa na nakala. Sengi akanitazama akauliza, "Hiyo siyo uliyoniambia imetoka kwa Felisita?" Nikakubali mbele ya watu wote kwamba nilimdanganya. Panga hakuliuliza. Alisema tu, "Kumbe mwanangu bado hajaandika."

Picha zikiwa tayari usimpe Ndaki. Ndaki anafungua bahasha.

Binamu yako,
Luhende


Mwanza,
31 Julai 1995

Luhende,

Filamu ilifika na dole gumba lake salama. Picha nimezichukua leo. Sikuandikii zimetokaje, kwa sababu barua zetu zinasomwa njiani na wasiohusika.

Ninakuja nazo mwenyewe, basi la Alhamisi. Mama usimwambie. Ameshaambiwa mara moja kwamba nitakuja, akaamini bure. Vyovyote zilivyotoka, zitakapowekwa mezani nitakuwa nimesimama karibu naye.

Felisita


Bariadi,
27 Agosti 1995

Mtani wangu Felisita,

Mwangaluka! Ulifika salama? Huku tu wazima, Joyness anakusalimu, Sengi anakula mpaka anaongeza.

Tangu siku ulipozipanga zile picha mbele ya Mayige moja moja kama karata, hapa hapazungumzwi lingine. Mimi mpaka leo nikikumbuka ya tano nacheka peke yangu barabarani. Kamanda wa sungusungu mzima, macho kama taa za breki! Na wengine wanane juu yake, Bundala akiwemo pamoja na kupepesa kwake. Ulivyomuuliza kwa adabu, "Kamanda, tuanze kumfukuza yupi?" nilidhani atatupiga. Kumbe alikuwa anatafuta pa kukaa. Mke wake amenidokeza kwamba ile picha ameificha chini ya godoro, na kila asubuhi anajitazama kwenye kioo.

Nisikudanganye lakini kwamba yote yamekwisha. Kisimani sasa wanamsalimu Sengi, ila yule mama wa gulio bado anamfunika mwanawe uso. Na aliyeandika ile barua hajajulikana. Nikimwona mtu ameshika kalamu namtazama mkono. Nadhani nitaendelea hivyo mpaka nizeeke.

Wateja ninao. Wote wanataka kupigwa nje juani, ndani hakuna anayekubali kuingia. Kitabu nimekijalidi kwa mfuko wa saruji, na nimeshafika kosa la kumi na moja. Sengi ameniambia kona ile nijenge, ati kurudisha zawadi ni tusi.

Nakutumia filamu. Picha ya mwisho humo ni ile ya asubuhi ulipoondoka. Sisahau ulivyotaka wewe na mama yako mpigwe nje kwenye mwanga, naye akakataa: "Ndani. Pale pale. Na wewe utazame pale pale." Ukaingia, ukakaa ubavuni pake kwenye kitanda. Sikujua mlikuwa mmeambiana nini usiku uliotangulia kuhusu Selestini na sikuuliza. Niliona tu amekushika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Gunia nilikuwa nimelitundika vizuri. Kama macho hayakutoka mekundu, lawama ni zangu.

Mtani wako,
Luhende


Mwanza,
10 Septemba 1995

Mtani wangu Luhende,

Mwangaluka, mzee wa kukosea kwa makusudi. Mimi sijambo, nalala vizuri, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Picha zimo. Umeanza kujua kazi, vichwa vyote vipo. Ya kwangu na mama nimesafisha mbili, moja yenu na moja yangu. Imetoka kama alivyotaka: macho manne, yote mekundu, na ya kwangu yamemshinda. Nimeisimamisha hapa juu ya turubai, inaegemea vitabu. Jana mteja mmoja aliinama kuchagua, akaiona, akarudi nyuma hatua moja. "Hawa ni akina nani?" akaniuliza. Nikamwambia, huyu ni mama yangu, huyu ni mimi. Akauliza mbona macho yenu yapo hivyo. Nikamwambia, ni damu tu.

Sikumuuzia kitabu, maana alikuwa ameshika cha kilo mbili.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imekunjwa peke yake. Hiyo ni ya mama. Ni ndefu, jiandae kukaa. Msomee kama ilivyo, usiruke kitu, usirekebishe neno. Mwambie safari hii imetoka kwangu kweli.

Mtani wako,
Felisita